KIPIMA-KINA CHA ZAMANI: KUTAFUTA UGONJWA WAKE, NA KUJUA KAMA KINASEMA KWELI

Katika somo lililopita tulieleza mwangwi: sauti inagonga mlima ao ukuta, nayo inarudi. Wanafunzi wengi wa mwaka wa 3 walituuliza: kazi ya mwangwi ni nini, mbali na kufurahisha watoto? Leo tunajibu kwa msaada wa masine moja ndogo ambayo sisi wa kikundi cha fizikia tulikuwa nayo mezani kwa majuma matatu. Jina lake ni kipima-kina. Wenye mashua wengine wanaiita sondere, kwa kufuata Kifaransa. Kazi yake ni kuonyesha maji iko na mita ngapi chini ya mashua.

Ile tuliyoletewa ni ya zamani sana, ya wakati wazazi wetu walikuwa wangali shuleni. Ilitoka katika mashua ndogo ya tanga ya mzee mmoja, jirani wa shule. Aliitumia miaka mingi, kisha ikanyamaza. Fundi mmoja alimwambia aitupe na kununua mpya. Mzee hakuwa na pesa ya mpya, akatuletea akisema: «Wanangu, hii masine imekufa, lakini ninyi muko na vitabu. Muangalie.»

Kuifufua haikuwa kazi ngumu kama tulivyofikiri. Kazi ngumu ilikuwa kujua kama namba inayoonyesha ni ya kweli, na ni juu ya hiyo tunaandika somo hili. Kipima-kina kikifa, mwenye mashua anajua kama hana kitu, anachukua kamba na kupima kwa mkono. Kikisema uongo, anakiamini mpaka anagonga mwamba.

KUPIMA MARA MBILI

Watu walipima kina zamani sana mbele ya umeme. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mtume Paulo ni mfungwa katika merikebu, dhoruba imewatupa huku na huku kwa siku nyingi, na katikati ya usiku wa 14 mabaharia wanafikiri kama nchi kavu iko karibu. Wanapima, wanapata pima 20. Wanaenda mbele kidogo, wanapima tena, wanapata 15. Kisha wanatupa nanga nne nyuma ya merikebu na kungojea kuche.

Pima moja ni upana wa mikono miwili ya mtu mzima, karibu mita 1,8. Basi walipata mita 36 hivi, kisha mita 27. Mwalimu wetu alituuliza: ni namba gani iliyowaokoa, ya kwanza ao ya pili? Tulibishana sana darasani. Jibu ni kwamba hata moja, peke yake, haingetosha. Mita 36 ni maji ya kutosha kwa merikebu yoyote. Ni tofauti kati ya mbili hizi iliyowaambia kama nchi inapanda chini yao. Mushike neno hili, tutalihitaji mbele.

SAUTI INATEMBEA MBIO GANI NDANI YA MAJI?

Jambo hili lilipimwa vizuri katika ziwa, si katika bahari. Mwaka 1826, katika ziwa la Geneva, Mswisi Daniel Colladon na mwenzake Charles Sturm waliweka mashua mbili mbali kwa mbali, karibu kilometa 13 na nusu. Ilikuwa usiku. Katika mashua moja kengele ilining'inizwa ndani ya maji. Ilipogongwa, palepale baruti ikawashwa ili mwanga uonekane. Katika mashua ya pili mtu alikaa na bomba refu, mdomo wake mmoja ndani ya maji na mwingine sikioni, na saa mkononi. Akaona mwanga, akahesabu mpaka kusikia kengele: sekunde 9,4. Gawanyeni mita 13487 kwa 9,4 mutapata karibu mita 1435 kwa sekunde. Katika hewa sauti inatembea mita 340 tu.

Maji ya siku ile yalikuwa baridi, digri 8. Maji ya juu ya ziwa Kivu iko na digri 24 hivi, na sauti inatembea humo karibu mita 1490. Wenye kutengeneza vipima-kina wanahesabu 1500. Tofauti ile ni ndogo sana: katika kina cha mita 10 inaleta sentimeta 5 ao 7. Tunasema hivi kwa sababu mmoja wetu alitaka kusingizia joto la maji kila mara namba zilipokataa. Joto halina kosa kubwa hapa.

Kisha merikebu Titanic kuzama mwaka 1912, watu wengi walitafuta namna ya kutumia mwangwi baharini. Mjerumani Alexander Behm alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1913. Wakati wa vita ya 1914-1918, Mfaransa Paul Langevin alitumia jiwe la kwarzi: ukilitia umeme linatetemeka na kutoa sauti, na sauti ikiligonga linatoa umeme. Kwetu Afrika ya Kati, Wabelgiji walipima ziwa Tanganyika kwa mwangwi katika miaka 1946-1947, nao walipata kina cha mita 1470. Ziwa letu Kivu ni fupi kuliko lile, lakini lina mita 485 mahali penye kina kuliko pote.

NDANI YA MASINE

Ile ya mzee ni ya namna ya taa inayozunguka. Usoni iko na duara yenye namba kutoka 0 mpaka 60, kama saa. Nyuma ya duara motere ndogo inazungusha mkono, na nchani mwa mkono kuna taa ndogo ya neoni. Kila mara mkono unapopita 0, mambo mawili yanatokea pamoja: taa inawaka, na umeme unatumwa kwenye kichwa kilicho chini ya mashua. Kichwa kinatoa sauti fupi, kali sana kiasi ambacho sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inashuka, inagonga chini, inarudi. Kichwa kilekile kinaisikia, na taa inawaka mara ya pili. Wakati huo mkono umekwisha kuzunguka kidogo. Pale taa ilipowaka, hiyo ni namba ya kina.

Muone vizuri: masine haipimi mita. Inapima wakati, na duara inatafsiri wakati kuwa mita. Tufanye hesabu. Kwa kina cha mita 60, sauti inatembea mita 120 kwenda na kurudi. 120 kugawanya kwa 1500 ni sekunde 0,08. Basi mkono lazima uzunguke mara moja katika sekunde 0,08, ni kusema mara 750 kwa dakika. Hakuna aliyetuambia namba hiyo; tuliipata kwa kuangalia duara tu. Ikiwa motere haizunguki mara 750, duara inatafsiri vibaya, hata kama taa inawaka vizuri na kila kitu kinaonekana kizima.

MBELE YA KUFUNGUA

Wavulana wote wanapenda tornavisi. Mwalimu alizificha kwa siku mbili za kwanza, na tunamshukuru. Mgonjwa anaulizwa mbele ya kupasuliwa.

Tulianza na umeme. Batri ya mzee ilikuwa na voliti 12,5 masine ikiwa imezimwa. Wengine wakasema, basi, batri ni nzima, twende mbele. Lakini kupima batri isiyofanya kazi ni kama kumuuliza mtu nguvu zake akiwa amelala. Tuliwasha masine na kupima tena, mara hii si kwenye batri lakini palepale fili zinapoingia ndani ya masine: voliti 8,9. Kwenye batri yenyewe bado 12,4. Basi voliti 3 na nusu zilipotea njiani. Tulifuata fili kwa mkono na kupata mahali mtu aliziunganisha kwa kuzisokota tu na kuzifunika kwa mpira. Shaba ndani ilikuwa ya kijani. Tulikata, tukakwaruza mpaka shaba ikang'aa, tukachomea kwa risasi, tukafunika vizuri. Mwishoni mwa fili tukapata 12,2. Na kile kifuniko cha fizibu, kiuzi kinachoungua ili kulinda masine, tulikisafisha pia kwa sababu kilikuwa na kutu.

Jambo moja mbele ya kurudisha batri: rangi ya fili isiaminiwe. Katika mashua ya zamani fili imebadilishwa na watu wengi, nyekundu inaweza kuwa ya kutoa na nyeusi ya kuongeza. Pimeni kwanza. Ukigeuza, masine nyingi za zamani zinaungua mara moja, na hapo fundi aliyesema «tupa» atakuwa na haki.

Sasa motere ikazunguka kwa sauti, taa ikawaka vizuri pale 0. Lakini taa ya pili, hakuna.

Hapa wengi wanafungua masine. Hapana. Taa ya 0 ikiwaka, tunajua mengi: umeme uko, motere iko, taa iko nzima. Kinachobaki ni sauti kutoka, sauti kurudi, na sehemu inayosikiliza. Kujua kama kichwa kinatoa sauti ni rahisi: ukikikaribisha sikioni, unasikia tik-tik-tik ndogo ya haraka. Ile sauti kali yenyewe husikii. Unasikia mshituko wake. Ukiweka radio ndogo karibu yake, penye hakuna stesheni, inatoa mlio uleule. Kichwa cha mzee kilipiga tik-tik. Basi kinasema. Lakini kinasema na nani?

MAFUTA YA MBARIKA

Mashua hii si ya mbao. Ni ya plastiki ngumu, na aliyeweka kichwa zamani hakutaka kuitoboa. Alibandika bomba fupi ndani, juu ya sakafu ya mashua, akalijaza mafuta, akazamisha kichwa ndani ya mafuta. Ni njia nzuri: sauti inapita katika mafuta, katika plastiki, katika maji, na kurudi, kwa sababu hivi vyote havitofautiani sana kwake. Kwa mbao njia hii haifai, mbao zinakula sauti.

Adui ni hewa. Sauti inayotoka katika kitu kigumu ao maji na kukutana na hewa karibu yote inarudi nyuma. Hata tabaka nyembamba kama karatasi inatosha. Tulipofungua kifuniko cha bomba tulikuta kichwa kimesimama juu ya kavu. Mafuta yalikwisha kutoka kidogo kidogo katika ufa, pengine kwa miaka. Masine ilikuwa inapiga kelele ndani ya chumba kitupu.

Tuliziba ufa, tukamimina mafuta ya mbarika polepole ili mapovu yasiingie, tukazamisha kichwa na kukizungusha kidogo. Asubuhi iliyofuata, mashua ikiwa majini, taa ya pili iliwaka. Mzee alipiga makofi.

Kama kichwa chako kimetoboa mashua na kugusana na maji, uangalie mambo mengine: majani na konokono walioshikamana, rangi nene iliyopakwa juu yake na mtu mwenye bidii, mapovu yanayopita mashua inapokimbia. Na kama kichwa hakipigi tik-tik hata kidogo, fuata fili yake, hasa pale inapoingia katika masine na pale inapopindwa.

Neno la hatari. Taa ya neoni haiwaki kwa voliti 12. Ndani ya masine kuna sehemu inayopandisha umeme mpaka kiasi cha kumtupa mtu, na vyombo vingine ndani vinaushika hata kisha kuzimwa. Hakuna mwanafunzi anayefungua peke yake. Batri inatolewa, watu wanangojea, na mwalimu yuko.

NANE BADALA YA KUMI

Kama tungesimama hapa tungemrudishia mzee masine inayodanganya.

Tulikuwa tumetengeneza kamba: nailoni, kipande cha chuma cha kilo 2 nchani, fundo kila mita. Tuliipima ikiwa imeloa, kwa sababu kamba kavu na kamba yenye maji hazina urefu mmoja. Tulienda asubuhi, mbele ya upepo kuamka, kwa sababu mashua ikisukumwa kamba inalala upande na kuonyesha kina kuliko kilivyo. Kila mtu alivaa jile ya kuelea, hata wanaojua kuogelea.

Kamba ilisema mita 10. Masine ilisema 8.

Mmoja akasema: tugeuze duara kidogo, 8 iwe 10, tumemaliza. Ni hapa pale pima 20 na pima 15 zilipotusaidia. Kipimo kimoja hakielezi ugonjwa. Tulisogea tukapima mahali pengine pawili. Kamba 5, masine 4. Kamba 15, masine 12.

Muangalie vizuri. Kama kosa lingekuwa la 0 iliyohama, tungepata tofauti ileile pote: 3, 8, 13. Hiyo ndiyo inatokea pia wakati kichwa kiko mita 2 chini ya uso wa maji. Inatosha kuongeza 2 kila mara. Lakini kwetu tofauti ilikuwa 1, kisha 2, kisha 3. Inakua pamoja na kina. Gawanyeni: 4 kwa 5, 8 kwa 10, 12 kwa 15, pote ni 0,8. Basi wakati unapimwa vibaya, ni kusema motere inaenda polepole: mara 600 badala ya 750. Tungegeuza duara, tungepata ukweli kwenye mita 10 peke yake na uongo pengine pote.

Sasa ilikuwa saa ya kufungua. Mwalimu alifungua. Grisi ya mhimili wa motere ilikuwa imekauka na kuwa kama ugali wa jana. Tulisafisha, tukaweka tone moja la mafuta ya cherehani. Kuna na visi ndogo ya kurekebisha mwendo; ilihitaji kuguswa kidogo sana. Tulirudi majini: 5 kwa 5, 10 kwa 10, na 15 ikaonyesha kati ya 14 na 15. Tuliridhika.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa 5 aliuliza swali la maana: motere inayoenda polepole inaonyesha maji machache kuliko kweli, je, si afadhali hivyo kwa usalama? Ni kweli kwamba kosa hili linaogopesha mtu bure, na ile ya upande mwingine, motere inayokimbia sana, inamwonyesha maji mengi penye machache. Lakini mtu akijua kama masine yake inaogopesha bure, siku moja ataacha kuiogopa.

UONGO WA MASINE NZIMA

Tunafika kwenye jambo ambalo katika ziwa Kivu ni kubwa kuliko yote, na ambalo halitokani na ugonjwa wowote.

Tulienda mbali na ufuko. Taa ilipanda 30, 40, 50, ikazidi kuwa dhaifu, ikafika karibu na 60, ikapotea. Vizuri, maji yamepita kipimo. Tulipoendelea kidogo, taa hafifu ikaonekana pale 15. Tulitupa kamba ya mita 40: haikugusa kitu.

Mkono unazunguka bila kusimama. Kama kina ni mita 75, mwangwi unarudi kisha sekunde 0,1. Katika wakati huo mkono umezunguka duara moja nzima na robo moja. Taa inawaka kwenye robo, na robo ya 60 ni 15. Masine haihesabu mizunguko. Kwake mita 15, 75 na 135 ni kitu kimoja. Hata mahali penye mita 485, kama sauti ingekuwa na nguvu ya kurudi, mkono ungekuwa umezunguka mara 8 na kidogo, na taa ingeonyesha mita 5! Masine ndogo kama hii haina nguvu hiyo, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Fikirini mtu katika ukungu ao usiku, upepo unamsukuma. Anaona 15. Anasema, tuko karibu na ufuko, nitupe nanga hapa tulale. Anatupa kamba yake ya mita 40, nanga inaning'inia katika maji, mashua inaendelea kutembea naye akiwa amelala, mpaka kwenye mawe ya lava. Masine ni nzima, betri ni nzima, na namba ni ya uongo.

Namna ya kuitambua? Mwangwi wa mzunguko wa pili ni dhaifu: punguza kifungo cha nguvu kidogo, nao unapotea upesi, wakati mita 15 za kweli zingebaki zikiwaka. Ukumbuke pia ulikotoka: taa ilipita 60 ao haikupita? Kama una shaka, tupa kamba. Simu ya leo inaweza kukuonyesha mahali ulipo, lakini haioni maji.

Ziwa letu lina mambo yake mengine. Kando nyingi ni mteremko mkali, na sauti ya kichwa haishuki kama msumari, inapanuka kama mwanga wa tochi. Inagonga kwanza upande wa mteremko ulio karibu, na masine inaonyesha namba ndogo kuliko kina cha chini yako sawasawa. Penye lava ngumu na maji machache, sauti inaweza kwenda chini, kurudi, kugonga uso wa maji na kushuka tena: utaona taa mbili, 4 na 8. Ya kwanza ndiyo ya kweli. Lava ya Nyiragongo iliyopita mjini Goma tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 iliingia ziwani na kufanya ufuko mpya. Ramani ya kina iliyochorwa mbele ya siku ile haiujui. Na pale ghuba ya Kabuno inapoungana na ziwa kubwa, mlango ni wa mita 10 hivi tu, ndani ya ghuba kina kinashuka tena kupita mita 100. Anayeingia ataona taa ikipanda haraka na kushuka haraka, asidhani masine imeharibika.

Taa nyingi ndogo zinazotetemeka pale 20 ao 30, ambazo hazikai mahali pamoja? Ni sambaza. Samaki hawa waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na wanakaa katika tabaka ya juu ya ziwa, karibu mita 60 za kwanza, kwa sababu chini zaidi hakuna oksijeni. Wavuvi wangependa masine hii kuliko mzee!

Wengi walituuliza kama gesi ya ziwa inazuia sauti. Ziwa lina karibu kilometa-kubiki 60 za methani na 300 za gesi ya kaboni, nyingi zikiwa chini ya mita 260. Lakini gesi ile imeyeyuka katika maji kama sukari katika chai, uzito wa maji unaishika. Si mapovu. Ni mapovu yanayozuia sauti.

Na kuna hatari ambazo masine hii haioni hata ikiwa nzima. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku, na watu wengi wakafa. Wakubwa walisema ilipakia kupita kiasi. Chini ya mashua maji yalikuwa ya kutosha. Mzee wetu alipokuja kuchukua masine yake tulimpa na kamba ile yenye mafundo. Alicheka, akauliza kama tumekosa imani na kazi yetu. Tulimwambia: baba, ziwekeni zote mbili, na kila mwanzo wa mwezi muzipime pamoja mahali pawili.

MAZOEZI

Ya kwanza: kamba inasema 12, masine inasema 9, mahali pengine kamba 20, masine 15. Ni 0 iliyohama ao ni motere? Inazunguka mara ngapi kwa dakika, ikiwa duara ni ya mita 60?

Ya pili: masine nzima ya duara ya mita 60 inaonyesha 25, na kamba ya mita 50 haifiki chini. Andikeni vina vitatu vinavyowezekana.

Ya tatu, kwa mwaka wa 5 na wa 6: kengele inagongwa ndani ya maji ya Kivu, na msikilizaji yuko kilometa 20. Atangojea sekunde ngapi? Na yule anayesikiliza katika hewa, kama sauti ingefika, angengojea ngapi?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa fizikia mbele ya siku ya Ijumaa. Muandike na hesabu yote, si jibu peke yake.